Dar au Dodoma: ulinganisho kwa anayekwenda kazini kwa baiskeli

Tangu Julai 2016, Rais John Magufuli alipotangaza kuwa Serikali yake inahamia Dodoma, swali la kuhama limepiga hodi katika nyumba nyingi za Dar es Salaam. Dodoma iliteuliwa kuwa makao makuu tangu 1973, lakini safari hii wizara zilifungasha kweli, na nyuma yake zikafuata taasisi, mabenki, mashirika na wafanyabiashara. Wengi hupima uhamisho kwa kodi ya nyumba, shule za watoto na umbali wa kurudi kwa wazazi. Sisi tunaokwenda kazini kwa baiskeli tuna jambo jingine la kupima, na hakuna barua ya uhamisho inayoligusa: huko niendako nitaendelea kuendesha, au baiskeli itabaki imeegemezwa ukutani mpaka tairi zikauke?

Dar nimeendesha kwa miaka mingi. Dodoma nimeendesha kila kazi iliponipeleka kule kwa majuma kadhaa, kiangazi na wakati wa mvua. Msimamo wangu nautoa mapema ili usome mengine ukijua ninapoelekea. Kwa mtu anayeweza kupanga nyumba upande uleule anaofanyia kazi, Dodoma ni mji mzuri wa baiskeli kuliko Dar. Kwa mtu atakayelala magharibi mwa mji na kufanya kazi Mtumba, mashariki kabisa zilipo wizara, Dodoma ni mbaya kuliko Dar, na namshauri abaki kama ana namna ya kubaki.

Umbali ndio unaoamua

Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 5.3 mkoani Dar es Salaam, na watu takriban 765,000 katika Jiji la Dodoma. Ukiishia kwenye hesabu hiyo utaamini kwamba safari za Dodoma ni fupi. Katikati ya mji ni kweli. Anayekaa Makole, Majengo, Uhindini au Area C na kufanya kazi jirani na Nyerere Square anafika kabla mwili haujapata moto, na mchana anaweza kurudi kula nyumbani. Dar raha hiyo wanaipata wachache sana, wale wanaokaa Upanga, Ilala au Kariakoo na kufanya kazi Posta, katikati ya jiji.

Ila wizara haziko Nyerere Square. Ziko Mji wa Serikali, Mtumba, kiasi cha kilomita 17 mashariki mwa katikati ya mji, kwenye barabara kuu iendayo Morogoro na Dar. Sasa piga hesabu ya mtu aliyepata nyumba nzuri ya bei nafuu Nkuhungu, upande wa pili wa mji. Kila asubuhi anavuka mji mzima, kisha anaanza zile 17. Jumla ni zaidi ya kilomita 20 kwenda, na jioni zilezile kurudi. Mkazi wa Kimara anayekwenda Posta ana kiasi cha kilomita 15 tu. Watu wanaohama hawaliamini jambo hili mpaka walione kwa miguu yao wenyewe: mji mdogo unaweza kukupa safari ndefu kuliko mji mkubwa.

Tofauti kubwa ni uwezo wa kuchagua. Dar umbali wako umeshaamuliwa na bei ya ardhi. Kama kipato chako ni cha kawaida na unataka chumba cha watoto na uwanja kidogo, utakwenda Mbezi, Goba, Tegeta, Chanika au Gongo la Mboto, upende usipende. Kuhamia karibu na ofisi ya Posta au Masaki ni ndoto kwa wengi wetu. Dodoma bado unaweza kuusogeza mwisho mmoja wa safari. Ukifanya kazi Mtumba, tafuta Nzuguni, Ihumwa au Mtumba yenyewe. Kutoka Nzuguni ni kiasi cha kilomita 10, na Ihumwa ni karibu zaidi. Ukifanya kazi Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) au Hospitali ya Benjamin Mkapa, tafuta Iyumbu. Ukifanya kazi mjini, kaa mjini.

Kuna gharama yake, nisikufiche. Mitaa ya mashariki ni mipya. Duka la dawa liko mbali, shule unayoitaka huenda iko mjini, na mwenzio wa ndoa huenda kazi yake iko upande wa pili kabisa. Nimeona familia ikigawanya tofauti kwa kupanga katikati, na matokeo yake wote wawili wakaishia kupanda gari. Kwa familia ya waendesha baiskeli, afadhali mmoja awe na safari fupi ya baiskeli na mwingine apande daladala kwa amani, kuliko wote kuwa na safari ya nusu-nusu isiyofaa kwa lolote.

Magari: hatari za miji hii si za aina moja

Dar hatari yake ni msongamano. Daladala inakupita, mita chache mbele inakata kushoto kuingia kituoni. Bajaji inapenya pale ulipotaka kupenya wewe. Bodaboda inakuja kinyume pembezoni mwa barabara na dereva wake anakutazama kana kwamba wewe ndiye uliyekosea. Mtu akiishi na hali hii muda mrefu, masikio yake hujifunza. Ukiwa ubavuni mwa daladala ukasikia ndani abiria anasema "shusha", au konda anagonga bodi kwa kiganja, unajua gari linakuja kushoto kabla halijawasha indiketa, kama lina indiketa. Unakamata breki, unaliacha liingie, unalizunguka baada ya kuhakikisha nyuma. Kazi hiyo inachosha akili. Lakini saa za kwenda na kurudi kazini mwendo wa magari ni mdogo, na mwendo mdogo husamehe mengi.

Dar pia ina kitu ambacho Dodoma haina: barabara iliyochorwa ikimkumbuka mwendesha baiskeli. Awamu ya kwanza ya mabasi ya mwendokasi, iliyoanza kubeba abiria Mei 2016 kwa njia ya kilomita 21 kutoka Kimara hadi Kivukoni na matawi yake, ilijengwa na njia za pembeni kwa watembea kwa miguu na baiskeli. Kwa mradi huo jiji lilipewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018. Njia zenyewe zinahitaji subira. Zinakatika kwenye makutano, pikipiki huzigeuza zao, na kuna mahali utakuta meza ya muhogo wa kukaanga katikati kabisa. Hata hivyo zipo, na mzazi anaweza kumfundisha mtoto wake kuzitumia. Na upo Umoja wa Waendesha Baiskeli Dar es Salaam, UWABA, ambao kwa miaka mingi umedai nafasi ya baiskeli barabarani. Mtu anayehama anaacha nyuma wenzake waliokwisha kumsemea.

Dodoma hatari yake ni mwendo. Mitaa ya ndani ni mitulivu kiasi kwamba mgeni kutoka Dar anajiona yuko likizo. Barabara za Area D, Kisasa au Ilazo unaweza kuendesha na rafiki mkizungumza. Ukitoka hapo ukaingia barabara kuu ya mashariki, mambo yanabadilika. Hii ndiyo njia ya malori yatokayo bandari ya Dar kwenda Rwanda, Burundi na mashariki ya Congo. Ndiyo njia ya mabasi ya Singida, Shinyanga na Mwanza. Ndiyo njia ya watumishi wote wa Mtumba, na ya misafara ya viongozi. Imenyooka, iko wazi, na dereva anapoona imenyooka mguu wake unakuwa mzito. Ukiwa kwenye bega la barabara na lori lenye tela likakupita, utausikia upepo wake ukikuvuta kwanza ndani, kisha ukikusukuma nje. Kitisho kikubwa zaidi ni gari linalotoka mbele likipita jingine: linakuja upande wako likitarajia kwamba wewe, kwa kuwa ni baiskeli, utashuka kwenye changarawe. Na utashuka.

Tena Dodoma ina misimu ya magari. Bunge la bajeti linapoketi, Aprili hadi Juni, mji hujaa wageni, magari makubwa na haraka zisizokuwepo Machi. Anayeijaribu njia mwezi wa Desemba, watu wakiwa likizo, anaona Dodoma ambayo hataishi nayo.

Kuna jambo linaloweza kubadilisha mizani. Barabara ya mzunguko wa nje ya kilomita 112, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa 2022, inalenga kuyazungusha malori nje ya mji. Malori yakiondoka katika mtiririko wa asubuhi, maoni yangu kuhusu njia ya mjini kwenda Mtumba yatalegea. Ila usihamie kwa ahadi. Hamia kwa barabara ilivyo siku unayosaini mkataba wa nyumba.

Miji yote miwili, kioo cha pembeni kwenye usukani na kizibao kinachong'aa ni vitu vya lazima. Dar unaweza kusahau kioo siku moja ukasalimika kwa sababu shingo inageuka kila sekunde. Barabara ya Mtumba bila kioo sikushauri hata siku moja.

Jasho, upepo na mvua

Dar iko usawa wa bahari na hewa yake imejaa maji. Kati ya Desemba na Machi, anayetoka Kimara saa kumi na mbili na nusu asubuhi atakuwa ameloa mgongo kabla hajafika Magomeni. Bila bafu ofisini, au angalau choo kikubwa cha kujifutia na shati la akiba kwenye droo, safari haiwezekani kwa mtu anayekaa na wateja. Mvua nazo ni misimu miwili, vuli na masika. Masika ikikaza, bonde la Msimbazi hufurika pale Jangwani na barabara hufungwa. Hapo unarudi au unazunguka kupitia Kigogo ukiwa na matope mpaka magotini.

Dodoma iko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni kavu. Mvua za mwaka mzima ni wastani wa milimita 570 hivi, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Kuanzia Mei mpaka Novemba koti la mvua unaweza kuliacha kabatini. Kwa mtu wa Dar hiki ni kitu kigeni: kupanga safari ya kesho bila kuangalia mawingu. Jasho nalo hukauka lilipotokea. Unafika ofisini shati likiwa kavu, likiwa na mistari myeupe ya chumvi mgongoni. Hatari yake ni kwamba husikii kiu mpaka kichwa kimeanza kugonga. Beba maji mara mbili ya unavyobeba Dar, na mafuta ya mgando kwa ajili ya midomo. Asubuhi za Juni na Julai ni baridi ya kutosha kutafuta sweta na glavu, jambo ambalo watoto wa pwani hatulizoei upesi.

Kisha kuna upepo. Dodoma upepo mkuu hutoka mashariki na kusini-mashariki, na miezi ya kiangazi huwa mkali, ukiinua vumbi jekundu linaloingia machoni, kwenye cheni na kwenye meno. Sasa tazama ramani. Mtumba iko mashariki. Anayelala mjini na kufanya kazi Mtumba anaanza kila siku ya Agosti akiwa ameukabili upepo usoni, akiendesha gia nyepesi kwenye barabara tambarare kana kwamba anapanda kilima. Jioni analipwa, kwa sababu upepo unamsukuma mpaka nyumbani. Wengine husema inalingana. Mimi sikubali. Upepo unaokuchelewesha kazini na unaokuwahisha nyumbani havilingani, maana bosi anahesabu wa asubuhi tu. Anayelala Mtumba au Ihumwa na kufanya kazi mjini anaupata upepo kwa mpangilio ulio bora: asubuhi mgongoni, jioni usoni wakati hana haraka.

Milima ni suala dogo kuliko watu wanavyodhani. Dar mkazi wa Kimara ana mteremko asubuhi na mlima jioni kuanzia Ubungo, akiwa amechoka. Dodoma njia ya UDOM ina mlima wa kweli hadi vilima vya Chimwaga. Kwingine ni mawimbi ya kawaida.

Mwanga nao nauweka kwenye mizani. Dodoma iko magharibi ya Dar, hivyo jua lake huchomoza na kuzama kama robo saa baadaye. Robo saa ya jioni ni kitu kikubwa kwa mtu anayetoka ofisini saa kumi na mbili kasoro. Watumishi wa umma wanaotoka saa tisa na nusu hawatalihisi hili. Wa sekta binafsi watalihisi sana.

Na maji ya kuoga. Dodoma maji ya bomba huja kwa mgao mitaa mingi, kwa hiyo unapokagua nyumba usiulize tu "maji yapo?" Uliza yanakuja siku gani, na angalia ukubwa wa tanki kwa macho yako. Mwendesha baiskeli anaoga mara mbili kwa siku.

Mbigili

Hiki ndicho kitu ambacho wahamiaji kutoka Dar hawaambiwi. Dar pancha yako itatokana na msumari, kipande cha chupa au waya wa tairi la lori lililopasuka. Dodoma ni nchi ya miba. Mbaya kuliko yote si ule mwiba mrefu wa mti unaouona. Ni mbigili, tunda dogo la mmea unaotambaa kando ya njia, lenye pembe ngumu zilizopangwa kiasi kwamba likianguka vyovyote, pembe moja inatazama juu. Kiangazi mmea hukauka, matunda yanabaki yamechanganyika na mchanga, rangi moja. Ukikwepa gari ukashuka kwenye changarawe kwa mita kumi tu, ukirudi kwenye lami utasikia tairi linagonga tik-tik-tik.

Fundi mmoja karibu na soko la Majengo aliniona nimeinama nikitaka kuing'oa.

"Kaka, usiichomoe hapa. Una solusheni?"

"Sina, mzee."

"Basi iache, imejiziba yenyewe. Ukiichomoa, unatembea."

Alikuwa na haki. Mbigili iliyovunjikia ndani ya mpira huziba tundu lake kwa muda. Unaweza kufika nalo nyumbani likivuja polepole. Ndivyo waendeshaji wa kule wanavyoishi nalo. Aliligeuza gurudumu langu taratibu juu ya goti, akipapasa mpira kwa ncha za vidole, na kila alipogusa kitu alikiwekea alama ya chaki kabla ya kung'oa chochote. Kisha tyubu ikaingia kwenye karai la maji, mapovu yakaonyesha matundu zaidi ya yale niliyodhani. Kabla ya kufunga akakata tyubu kuukuu kwa urefu, akailaza ndani ya tairi kama bitana. Bitana hiyo huongeza uzito, na baiskeli ya mbio huilalamikia, lakini kwa kwenda kazini inafaa sana. Wenye tairi zisizo na tyubu, zinazowekwa maji ya kuziba, wamepona zaidi. Ukihama, badilisha tairi kabla ya kubadilisha kitu kingine chochote: nene, yenye ngozi ya kuzuia miba.

Dar kwa upande wake inakula chuma. Hewa ya chumvi hushika cheni, spoku na boliti, hasa kwa wanaokaa Mbezi Beach, Kawe, Msasani na Kigamboni. Baiskeli isiyopakwa mafuta wiki mbili wakati wa masika inaanza kulia. Dodoma kutu ni kidogo, vumbi ndilo linalosaga. Kule futa kwanza kwa kitambaa kikavu, ndipo uweke mafuta, tena machache. Ukimwaga mafuta kama ulivyozoea Dar, vumbi litanata na cheni itageuka msasa.

Fundi na vipuri

Hapa Dar inashinda. Kariakoo utapata ringi, tairi, beringi, pedeli na breki za kila aina, mpya na mtumba, na kama duka hili halina, muuzaji mwenyewe atamtuma kijana duka la tatu. Dodoma mafundi ni hodari, na kwa Phoenix au baiskeli ya mtumba yenye ringi namba 26 hutakosa kitu. Tatizo ni baiskeli za kisasa: vali nyembamba, breki za diski, gia kumi na moja nyuma. Vipuri hivyo utaagiza Dar vije kwa basi, na siku unavyosubiri unapanda daladala. Suluhisho ni kuhama na akiba: tyubu kadhaa, cheni moja, pedi za breki, na pampu inayokubali vali yako. Au uza baiskeli ya kifahari, ununue iliyo rahisi ambayo fundi yeyote wa mtaani anaijua. Mimi ningefanya hilo la pili bila kusita.

Wenzako wa njiani, na Jumamosi

Dar kuna watu. Alfajiri ya Jumamosi ukipita Toure Drive, Oysterbay au daraja la Tanzanite lililofunguliwa 2022, utakuta makundi, wapya na wakongwe, na mtu anaweza kukushika mkono mpaka ukaweza kwenda Bagamoyo na kurudi. Unaweza kupanda pantoni na baiskeli yako, ukashuka Kigamboni ukaelekea kusini kando ya bahari. Unaweza kwenda kupima mapafu kwenye vilima vya Pugu.

Dodoma kuna nafasi. Barabara ya kaskazini, inayopita Kondoa hadi Babati, yote ni lami tangu 2018, kilomita 251 kutoka Dodoma. Kwa safari ya siku kadhaa sijui njia ya kupendeza kuliko hiyo katikati ya Tanzania: mibuyu, nyumba za Wagogo, kisha milima ya Kondoa na michoro ya miambani ya Kolo, iliyoingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2006. Kwa Jumamosi moja kuna bwawa la Hombolo na mashamba ya zabibu njiani. Ambacho hutakipata kirahisi ni kundi. Asubuhi utakutana na wakimbiaji wengi, baiskeli chache. Kwa mtu anayeendesha kwa ajili ya utulivu, hiyo ni neema. Kwa mtu ambaye bila wenzake haamki, ni sababu halisi ya kubaki, na asione aibu kuitaja.

Rafiki yangu mmoja, mhasibu, mama wa watoto wawili, alihamia Kisasa na baiskeli yake. Aliniambia kilichompa nafuu kuliko vyote ni kwamba Dodoma hapigiwi kelele na makonda. Dar kila kituo kilikuwa na neno kuhusu mwanamke juu ya baiskeli. Kule watu walimtazama tu, wakamzoea, na sasa wauza mboga wa njiani humsalimia, "Shikamoo mama baiskeli." Kwa wanawake wanaosoma hapa, ningelipa jambo hili uzito sawa na malori.

Kama hufungwi na ofisi yoyote na unatafuta tu mji wa baiskeli, tafadhali itazame Tanga kabla ya yote haya. Mji tambarare, mitaa iliyonyooka, na baiskeli ambayo hadi leo ni chombo cha kila mtu: mzee anayekwenda msikitini, mwalimu, muuza samaki. Huko huhitaji kumweleza yeyote kwa nini huna gari.

Kabla hujalipa kodi ya miezi sita

Wenye nyumba wengi wa Dodoma, kama wa Dar, hutaka miezi sita au mwaka mzima mkononi. Ukishalipa Nkuhungu na ofisi iko Mtumba, umefungwa. Kwa hiyo nenda kwanza na baiskeli, katikati ya juma, mwezi wa upepo kama unaweza. Lala nyumba ya wageni mtaa uleule unaotaka kupanga. Endesha kwenda ofisini kwa saa ile utakayoendesha, ukiwa na mkoba wenye uzito uleule. Rudi jioni ya siku hiyohiyo. Rudia kesho yake, kwa kuwa siku ya kwanza mwili unabebwa na hamu. Ukipata nyumba, mweleze mwenye nyumba kwa heshima: "Mama, naomba nianze na miezi mitatu, nikiridhika nalipa mwaka." Wengine hukubali, hasa mitaa mipya ya mashariki ambako nyumba zinasubiri wapangaji. Na uliza baiskeli italala wapi. Kibarazani si mahali.

Treni ya SGR inayofika Dodoma tangu 2024 imeisogeza miji hii. Safari ni ya karibu saa nne tu, na familia inaweza kubaki Dar mpaka umalize kujaribu. Baiskeli yenyewe mimi huipeleka kwa basi. Stendi ya Magufuli, Mbezi, patana na utingo bei ya mzigo kabla hajaigusa. Toa gurudumu la mbele, geuza usukani ulale sambamba na fremu, funga kitenge kwenye gia za nyuma, na simamia mwenyewe ilazwe upande wa gia ukitazama juu, bila gunia la mtu juu yake. Mabasi mengi hushusha stendi kuu ya Nzuguni, pale Nanenane. Rudisha gurudumu, kaza, jaza upepo palepale stendi. Ukitoka getini ukielekea mashariki, tayari uko kwenye barabara ya Mtumba.